Tundu Katika Tangi la Samaki: Hesabu Kabla ya Drili

Mada kwa semina ya mafundi vioo na wafugaji wa samaki wa mapambo

1. Utangulizi

Drili hufanya kazi kwa dakika chache tu. Tangi likipasuka au likifurika, mara nyingi kosa lilikwisha kufanyika mapema: kioo hakikupimwa, au maji hayakupigiwa hesabu. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hayo mawili.

2. Kukitambua kioo

Kioo cha kawaida hutoboka. Kioo cha tempa, kilichopashwa moto mkali kisha kikapozwa ghafla, hakitoboki. Ngozi yake imejibana na kiini chake kinavutwa. Keekee ikiipenya ngozi hiyo, kioo kizima humwagika chembechembe. Matangi mengi ya kiwandani yana tempa sakafuni tu.

Washa skrini nyeupe ya kompyuta mpakato nyuma ya kioo. Vaa miwani ya jua ya polaraizi, inamisha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Ukiona mabaka au michirizi kwenye kioo, usitoboe.

3. Mahali pa tundu

Chagua ukuta wa nyuma, karibu na juu. Kiungo cha bomba kilicho sakafuni kikivuja, tangi lote hukauka. Cha juu hushusha maji hadi usawa wake tu. Kutoka ukingo wa tundu hadi ukingo wa kioo, acha nafasi isiyopungua kipenyo cha tundu.

Sasa tuangalie umeme ukikatika. Tangi la urefu wa sentimita 120 na upana wa 45 lina lita 5.4 katika kila sentimita ya kina. Pampu ikizimika, maji yaliyo juu ya tundu hushuka kwenye sampu, yaani tangi la chini linaloyapokea, na bomba la kurudishia huyafyonza mengine kinyumenyume mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo ukizama sentimita 6, hizo ni lita 32.4. Sampu isiyobakiza nafasi hiyo itafurika sebuleni wenyewe wamelala.

4. Kutoboa na kufunga

Tumia drili ya betri, maana maji yatakuwepo muda wote, na keekee ya duara yenye ukingo wa almasi. Bandika tepu upande wa pili, bana kibao chenye tundu kiwe mwongozo, zungusha polepole. Almasi husaga, haikati, ukisukuma unavunja. Karibu na mwisho, punguza nguvu zaidi.

Lainisha ukingo kwa msasa wa maji. Washa ya mpira ikae upande wa kichwa cha kiungo, ndani ya tangi. Kaza nati kwa mkono, ongeza robo mzunguko. Jaza maji, subiri saa 24, kisha zima pampu kwa makusudi uone sampu inapanda hadi wapi.

5. Mapendekezo na mjadala

Napendekeza fundi apime kioo mbele ya mteja, na aandike ubavuni mwa sampu, kwa kalamu isiyofutika, lita zitakazorudi. Swali naliacha kwenu: kioo kilichopimwa kikaonekana kizuri, kisha kikapasuka mkononi mwa fundi, hasara ni ya nani?