Msinunue Betri Kabla ya Kupima

Maneno yaliyosemwa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Nimeombwa niseme juu ya utunzaji wa mali ya kikundi. Leo nitachukua kitu kimoja tu: ile pikapu ya zamani inapokataa kuwaka asubuhi, mikebe ya maziwa imejaa na watu wanangoja. Iwe ni Hilux, Isuzu, Datsun au Peugeot 504, shida ni ile ile.

Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Dereva anasema betri imekufa. Kamati inatoa pesa, betri mpya inanunuliwa. Baada ya wiki chache, hiyo mpya nayo imekufa. Sasa maneno yanaanza. Huyu anasema dereva aliiuza ile mpya akaweka nyingine. Yule anasema mweka hazina alielewana na mwenye duka. Mkutano unavunjika, wengine wanaacha kuleta mchango. Na pengine hakuna mtu aliyeiba hata senti moja! Ile betri ilikuwa haijazwi umeme, basi. Ndiyo sababu mimi, mtu wa maendeleo ya jamii, nasimama hapa kuzungumza habari za umeme wa gari.

Fikirini tangi la maji ya mvua. Betri ndiyo tangi. Altaneta, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, ndiyo mvua. Waya ndizo mifereji ya paa. Ukikuta tangi ni tupu, je, utakimbia kununua tangi lingine? La. Kwanza utatazama kama mfereji umekatika, au kama kuna tundu chini. Fanyeni vivyo hivyo na pikapu.

Kwanza, tazameni taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa hiyo lazima iwake. Washa injini: lazima izimike. Ikiendelea kuwaka, altaneta haichaji. Lakini isipowaka kabisa pale mwanzoni, msifurahi. Katika altaneta nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, altaneta yaweza kuzunguka siku nzima bila kuchaji. Mtanunua betri nzima kumbe shida ni kibalbu.

Pili, tumieni macho na mikono, injini ikiwa imezimwa. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukiingia kama sentimita moja, ni sawa. Ukilegea sana, au ukiwa umepasuka, au unalia injini inapowashwa, hauzungushi altaneta vizuri. Halafu tazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Piga msasa, kaza, na hasi irudi mwisho. Fuata pia ule waya unaotoka kwenye hasi kwenda kwenye bodi na injini. Mara nyingi nati yake imeshika kutu. Betri hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo hakuna sigara wala kiberiti hapo. Ikiwa ni betri ya kuongezwa maji, tieni maji ya betri ya dukani, si ya mtoni.

Tatu, pimeni kwa mita ya umeme. Kikundi kimoja kikikosa pesa, vikundi vitatu vinaweza kuchanga vikanunua moja. Iwekeni kwenye volti za DC, alama ya 20. Waya mwekundu wa mita uguse chanya ya betri, mweusi uguse hasi. Someni mara tatu:

Asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6 ni betri iliyojaa. 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 ni tupu.

Injini ikinguruma, mafuta yakikanyagwa kidogo: iwe kati ya 13.8 na 14.5. Hiyo ndiyo mvua inanyesha.

Injini bado ikinguruma, taa kubwa zikiwashwa: isishuke chini ya 13.

Sasa tuelewe hesabu hizo. Kama injini inanguruma na mita bado inasema 12 na kitu, na inazidi kushuka, betri haichajiwi. Hata mkiweka mpya, itakufa vile vile. Kama mita inapita 15, regyuleta imeharibika. Betri inachemshwa, maji yanaisha haraka, na harufu ya mayai mabovu inatoka. Hapo pia betri mpya itauawa. Kama ni 14 mchana lakini asubuhi ni tupu, basi ama betri yenyewe imezeeka, ama kuna kitu kinanyonya usiku.

Huyo mnyonyaji anatafutwa hivi. Zimeni kila kitu, fungeni milango. Ondoeni waya wa hasi, na fundi aweke mita ya ampia kati ya waya huo na betri. Msiwashe gari wakati huo, mita itaungua. Pikapu ya zamani isiyo na vitu vingi inatakiwa kusoma karibu na sifuri, chini ya 0.05. Ikizidi, chomoeni fyuzi moja moja. Ile ikichomolewa na namba ikaanguka, mwizi yuko kwenye njia hiyo. Mara nyingine ni redio, mara nyingine ni taa ndogo isiyozimika. Mwizi ni waya, si dereva.

Nne, kama altaneta haichaji, fundi apime pale nyuma yake kwenye nati kubwa, injini ikinguruma. Akipata 14 hapo na kwenye betri ni 12, waya au fyuzi kubwa ya katikati ina shida. Akipata 12 hapo pia, shida iko kwa altaneta yenyewe: pengine ni kaboni zimekwisha, nazo hubadilishwa bila kununua altaneta nzima. Kina mama na leso, na yeyote mwenye shati refu, akae mbali na feni.

Na kuna jambo lisilo la pesa. Katika Hilux na Isuzu nyingi za dizeli, nyuma ya altaneta kuna pampu inayovuta hewa ya kusaidia breki. Mkanda ukikatika, pampu inasimama na breki zinakuwa nzito. Kwa hiyo dereva, taa nyekundu ikiwaka ghafla uko kwenye mteremko na watu wako nyuma, usiseme “nitafika tu.” Simama mahali salama, utazame.

Onyo la mwisho. Kuna mafundi wanaochomoa waya wa betri injini ikinguruma, ati gari ikizima, altaneta imekufa. Kataeni. Umeme unaweza kuruka juu ghafla na kuunguza altaneta iliyokuwa nzima.

Sasa kazi ya kamati. Katika daftari la gari, andikeni tarehe, zile namba tatu, na majina ya waliopima. Wapime watu watatu: dereva na wanakikundi wawili. Pesa ya betri isitolewe kabla ya namba hizo kusomwa mbele ya kamati. Kitu cha zamani kikitolewa, kirudishwe kionekane. Mkifanya hivyo, fundi mtampelekea habari, hamtampelekea kisio. Na dereva atalala nyumbani kwake bila kuitwa mwizi.

Mita iko hapa mezani na pikapu iko nje. Twendeni tupime sasa, kila kikundi kitoe mtu mmoja ajaribu kwa mkono wake.