Mwanasheria na Mpaka wa Bahari



Mvuvi wa Msimbati atwekapo tanga kuelekea mlango wa Mto Ruvuma, haoni kigingi majini. Hata hivyo mpaka upo, na nyuma yake ipo kazi ya wanasheria, akiwamo Ndugu Joseph Sinde Warioba.

Warioba, mzaliwa wa Bunda mwaka 1940, alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966. Mwaka 1976 aliteuliwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwaka 1983 akawa Waziri wa Sheria. Toka 1985 hadi 1990 akawa Waziri Mkuu, akiiongoza Serikali Bungeni.

Miaka hiyo mataifa yalibishana juu ya bahari ni ya nani. Wenye meli kubwa walitaka uhuru wa kuvua popote. Nchi changa zilikataa, na Warioba alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Tanzania. Mkataba uliotiwa sahihi Jamaika Desemba 1982 ulizipa nchi za pwani haki ya samaki na mali za chini ya bahari hadi maili 200.

Desemba 1988, Warioba akiwa Waziri Mkuu, Tanzania na Msumbiji zilipatana mpaka wao wa bahari. Mstari ulivutwa toka Ras Mwambo hadi Cabo Suafo, ng'ambo ya Ruvuma, na kutoka katikati yake mpaka ukaelekea baharini. Hakuna risasi iliyolia.

Tayari mwaka 1982 gesi ilikuwa imegunduliwa Mnazi Bay, jirani na hapo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mpaka huo ndio daftari la pwani ya Mtwara.