Tikiti ni mkataba, usiitupe

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Baraka, Juni 2024

Asanteni kwa kuacha kazi zenu mukakuja. Na wale wasio na kazi kama mimi, asanteni kwa kuacha kungoja.

Najua kuna mtu pale nyuma ameanza kucheka. Barabara ya Lubondja mpaka Fizi inatushinda, na huyu anakuja kutuongelea mambo ya ndege? Una haki ya kucheka. Lakini niambie: mtoto wa Lubondja akiitwa Kinshasa kwa mtihani wa kazi, atapita wapi? Barabara ya kweli ya kukutoa huku mpaka Kinshasa haiko. Kwetu ndege siyo starehe ya matajiri. Ni njia ya mwisho iliyobaki, na tunailipa kwa mbuzi.

Mimi niliilipa kwa mbuzi wawili na deni la mama katika AVEC. Mwezi wa pili mwaka huu niliitwa kufanya mtihani wa kazi Kinshasa. Tangu nipate lisansi yangu, ilikuwa mara ya kwanza mtu kunijibu. Nikatoka Lubondja kwa piki mpaka Fizi, nikashuka Baraka, Uvira, nikapanda milima ya Ngomo mpaka Bukavu. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Kavumu, na shati limepigwa pasi, na Go-Pass nimelipa.

Saa nne, kimya. Saa nane akatokea kijana mwenye beji ya kampuni, akasema bila hata kutuangalia: "Avion haiko. Murudi kesho." Kesho yake, maneno yale yale. Siku ya tatu tukaruka. Mtihani ulikuwa umefanyika siku ya pili. Mlinzi wa mlangoni kule Kinshasa alinihurumia, akaenda kuuliza ndani, akarudi akatikisa kichwa.

Kampuni siitaji jina leo. Nitalitaja mbele ya tribinali, huko ndiko mahali pake.

Sasa musikilize sehemu inayoniumiza kuliko hiyo. Pale Kavumu tulikuwa watu wengi. Tulipiga kelele. Kijana mmoja aliinua kiti apasue kioo, tukamshika. Wengine walichukua video, wakatuma kwenye makundi, watu wakaweka alama za hasira. Halafu usiku ukaingia, tukaenda kulala. Hakuna hata mmoja aliyeandika barua. Mimi niliyesoma miaka mitano, niliyeandika kitabu kizima cha mwisho wa masomo, sikuandika nusu ukurasa. Nilipofika kwa avoka (siyo ile ya kula), aliniuliza neno moja tu: "Uko na nini mkononi?" Nilikuwa na hasira tu. Hata kile kipande cha kadi ya kupandia ndege nilikuwa nimekitupa.

Basi tuanze na hiki kipande cha karatasi. Kwenye kodi sivili yetu, kitabu cha tatu, article 33 inasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Maneno hayo yanatoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, enzi za Leopold II. Ndiyo, mfalme yule yule. Sheria aliyotuletea yeye ili biashara yake iende vizuri, leo inaweza kumtetea mtoto wa Lubondja. Kampuni ikichukua pesa yako na kuandika siku na saa, imejifunga. Na akikujibu "ni mambo ya ndege", mwambie akuandikie sababu hiyo na apige kashe.

Lazima tutenganishe safari mbili, maana watu wanazichanganya. Safari ya ndani, kama ile yangu ya Kavumu kwenda Kinshasa, iko chini ya sheria zetu: kodi sivili, na sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 kuhusu usafiri wa anga. Safari ya kuvuka mipaka ina mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kongo iliingia mwaka 2014. Nyinyi wenye ndugu waliotoka kambi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani, muwafikishie haya wanapokuja kutuona. Valizi ikipasuliwa, malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7. Valizi ikichelewa, siku 21 tangu uipokee. Isipofika kabisa baada ya siku 21, unaweza kuidai kama iliyopotea. Dari ya malipo ya mizigo mwaka 2024 ilikuwa DTS 1288 kwa abiria, yaani karibu dola 1700. Kampuni inaweza kujitetea ikionyesha kwamba ilifanya yote yanayowezekana ili mtu asicheleweshwe, lakini kazi ya kuonyesha ni yake, siyo yako. Na kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2. Ikipita, haki yako imekufa, hata ukilia namna gani.

Angalieni hizo siku 7. Sisi kwetu siku 7 ni za kuzunguka tukiwahadithia majirani namna tulivyoonewa. Kampuni inajua hivyo. Kimya chetu ndicho kinachoifanya ilale usingizi.

Ulaya wana kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Abiria wa Brussels kwenda Kigali akifika amechelewa saa 4 au zaidi, kwa kosa la kampuni, anadai euro 600. Kiasi kimeandikwa, habembelezi mtu. Na tangu 2006 Ulaya imezikataza kampuni za ndege za Kongo kuruka kwenye anga yake. Sisi tunazipanda hizo hizo, na tunashukuru Mungu zikitua.

Maana hazitui siku zote. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa Goma ikaingia Birere, ndani ya maduka na nyumba za watu. Walikufa karibu 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo ya Busy Bee iliyokuwa inaenda Beni ikaangukia kulekule Birere, mtaa wa Mapendo, wakafa zaidi ya 20. Mama anayeuza nyanya pale Birere hana tikiti. Article 33 haimjui, mkataba wa Montreal haumjui. Lakini article 258 inamjua: mtu yeyote anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha. Na article 260 inamfanya bwana ajibu kwa makosa ya wafanyakazi wake wakiwa kazini. Watoto wa shule ya sheria wanaiimba hiyo 258 kama wimbo wa bendera. Kwa nini mama wa Birere asiijue?

Na hapa kwetu ni ziwa. Desemba 2014 boti iliyoitwa kwa jina la mto wetu, Mutambala, ilizama Tanganyika ikitoka Kalemie, wakafa zaidi ya 100. Boti, gari, ndege, 258 ni ile ile. Sitaendelea na hilo leo, nisije nikalia mbele yenu.

Mutaniambia: tribinali ni za wakubwa, na pesa ya avoka haiko. Nimewaza hivyo mimi pia, miezi mizima. Lakini wengine hapa mulikuwa Baraka Februari 2011. Mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa hapa hapa, akina mama wa Fizi wakasimama mbele yake wakasema yaliyowapata, na luteni-kanali akahukumiwa miaka 20. Kama wale akina mama waliweza kusema mambo mazito vile mbele ya mahakama, mimi naogopa kuongelea tikiti? Tena mawakili wana ofisi ya shauri la bure kwa asiye na uwezo. Unaonyesha karatasi ya umaskini. Hiyo karatasi wengi wetu hapa tunastahili kuliko hata diploma.

Kwa hiyo, siku ndege isipokuja: piga picha ya tikiti, ya Go-Pass, ya ubao wa saa. Andika saa na jina la aliyekujibu. Chukua namba za simu za wenzako kabla hamujatawanyika, maana barua ya watu 20 haisomwi kama barua ya mtu mmoja. Peleka barua kwa ajansi, ubaki na kopi yenye kashe yao. Wakikataa kupiga kashe, andika kwamba wamekataa, na mashahidi wawili watie saini. Kopi nyingine itume kwa AAC, mamlaka ya anga. Na vioo vyao muviache vizima. Kioo kikivunjika, kesi inageuka kuwa yako.

Mimi nimechelewa, nakubali. Nimeanza upya. Kumbe jumbe za simu zilikuwa bado zimekaa: ile ya malipo ya tikiti, na ile niliyomwandikia dada yangu pale Kavumu, saa nane na dakika kumi, "wametuambia kesho". Ajansi iliyoniuzia imenipa kopi ya tikiti baada ya kunizungusha mara tatu. Nimepata pia abiria wanne wa siku ile, mmoja ana video ambamo yule kijana wa beji anasikika vizuri. Barua ya kudai iko hapa mfukoni, kurasa mbili. Nadai bei ya tikiti, siku mbili za kulala na kula Bukavu, na hasara ya mtihani. Avoka anasema hiyo ya mwisho ni ngumu, itabidi kuonyesha ningeweza kupata ile kazi. Nimemwambia tuiache ndani hata hivyo.

Jumatatu napanda gari la Uvira kumkabidhi. Kama kuna mtu hapa aliyekuwa Kavumu siku zile tatu, au anayemjua aliyekuwepo, asitoke kabla hatujaonana. Nitakuwa pale mlangoni na daftari.