Nehemia: Ukuta wa Mji na Deni la Ndugu

(Maneno ya hotuba)

Watu wanapoulizwa majina ya watu wakuu wa Biblia, aghalabu huwataja Ibrahimu, Musa, Daudi na Paulo. Ni wachache wamtajao Nehemia. Yeye hakuwa nabii, wala kuhani, wala mfalme. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, mtumishi wa kuaminiwa, kwa maana kikombe cha mfalme kilipitia mikononi mwake. Lakini Mkristo atakaye kujua jinsi imani ifanyavyo kazi shambani, sokoni na barazani, wala si kanisani tu, na asome habari za mtu huyu.

Mji wa Yerusalemu uliharibiwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. Baadaye Wayahudi wengi walirudi kwao, na Hekalu likajengwa tena. Lakini ukuta ulikuwa magofu. Yapata mwaka 445 kabla ya Kristo, Hanani ndugu yake Nehemia alifika Shushani na kumpasha habari hiyo. Nehemia alilia, akafunga, akaomba. Hata Mfalme Artashasta alipomwuliza sababu ya huzuni yake, alikuwa tayari na jibu. Alitaja muda wa safari, akaomba barua kwa maliwali wa njiani, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango. Sala yake ilikwenda pamoja na mpango.

Alipofika alikaa siku 3, kisha akatoka usiku na watu wachache kuutazama ukuta kwa macho yake, kabla hajamwambia mtu neno. Ndipo kazi ikagawanywa. Kuhani mkuu Eliashibu na ndugu zake walishika Lango la Kondoo. Mafundi wa dhahabu, watengeneza manukato na wafanya biashara wakapata sehemu zao. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Na wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Wakuu wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi, nayo aibu yao imeandikwa hata leo.

Adui hawakukosekana. Sanbalati na Tobia walianza kwa dhihaka, kisha wakatisha kwa vita, hata wachukuzi wakabeba mizigo kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mkono wa pili. Wala Sanbalati si mtu wa hadithi tu. Barua ya mwaka 407 kabla ya Kristo, iliyoandikwa na Wayahudi wa kisiwa cha Elephantine katika Mto Nili, yawataja wana wa Sanbalati, liwali wa Samaria.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Watu walipokuwa wakiwaangalia adui wa nje, kilio kikuu kilitoka ndani, kilio cha wanaume na wake zao juu ya Wayahudi wenzao. Wengine walikuwa na watoto wengi na hawana nafaka. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao wakati wa njaa. Wengine walikuwa wamekopa fedha ili kulipa kodi ya mfalme. Sasa mashamba yalikuwa mikononi mwa wakopeshaji, na binti zao wengine walikwisha kutiwa utumwani. Mtu alibeba jiwe la ukuta mchana, na usiku alirudi katika nyumba isiyo yake tena.

Nehemia alikasirika sana. Hata hivyo hakunena upesi. Alifanya shauri moyoni mwake kwanza, kisha akawakemea wakuu, akaita mkutano mkubwa. Aliwauliza iweje wao waliowakomboa ndugu zao kutoka kwa mataifa wawauze tena wao wenyewe. Wakanyamaza, hawakuwa na la kujibu. Ndipo alipokiri jambo ambalo mkubwa hulikiri kwa shida: ya kuwa yeye mwenyewe na watumishi wake walikuwa wamekopesha fedha na nafaka. Kisha akataka mashamba na nyumba zirudishwe siku ile ile, pamoja na ile sehemu moja ya mia, ambayo wafasiri wengi huiona kuwa riba ya kila mwezi, yaani 12 katika 100 kwa mwaka. Wakuu wakakubali. Hakutosheka na maneno yao, bali aliwaita makuhani na kuwaapisha wakuu mbele yao.

Naye alitenda alivyosema. Maliwali waliomtangulia walikuwa wakiwatoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Nehemia alikuwa liwali miaka 12 bila kula posho hiyo, ingawa mezani pake walikula Wayahudi 150, na kila siku walichinjwa ng'ombe 1 na kondoo 6. Sababu yake ilikuwa kumcha Mungu, na kwamba mzigo wa watu ulikuwa mzito tayari.

Ukuta ulimalizika kwa siku 52. Hiyo ndiyo sifa ambayo wengi humkumbukia Nehemia. Lakini ukuta ule ungalifaa nini, kama ungaliwazunguka watumwa na mabwana zao wa damu moja? Miaka mingi baadaye Bwana Yesu alipowafundisha wanafunzi wake kusali, Injili ya Mathayo yatumia neno la deni kwa habari ya dhambi na msamaha. Kwa hiyo Mkristo asomaye habari za Nehemia haulizwi tu kama anasali, au kama anatoa nguvu zake katika kazi ya wote. Aulizwa pia ni shamba la nani lililo mkononi mwake, na kama yu tayari kulirudisha.