Kusambaza Picha Si Kuzihifadhi

Mada iliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi katika mkutano wa kata



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya picha za familia. Huenda mtu akajiuliza: katika mkutano wenye ajenda za maji, barabara na zahanati, picha zimeingiaje? Zamani picha ya familia ilikuwa karatasi iliyotundikwa ukutani au kutunzwa katika albamu sandukuni. Leo picha ya kipaimara cha mtoto, ya harusi, ya bibi akiwa katika shamba lake la kahawa, na hata picha ya mwisho ya marehemu, zote zimo ndani ya simu. Simu huibwa kwenye daladala, hutumbukia majini, huharibika bila taarifa. Inapopotea, hupotea pamoja na kumbukumbu za miaka mingi za ukoo mzima, na hakuna ofisi ya serikali inayoweza kutoa nakala nyingine. Cheti cha kuzaliwa kikipotea, RITA wapo. Picha ya baba aliyefariki haina RITA.

Jambo moja ninaloomba tukubaliane leo ni hili: kusambaza picha si kuihifadhi. Wengi wetu tumeyachanganya mambo haya mawili. Picha tunazotaka zidumu tumeziacha ndani ya simu moja. Na picha zilizostahili kubaki nyumbani tumezirusha kwa watu tusiowajua. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha nazo ni mali, na zinahitaji daftari lake.

Nakala iliyo mbali na nyumba

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tuna fundisho la karibu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto na mali nyingi ziliteketea. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York na kuyawasilisha malalamiko ya wananchi mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo. Kwa sababu maneno yale yaliwekwa katika kumbukumbu za Umoja wa Mataifa, na baadaye katika kitabu kilichosambaa katika maktaba nyingi, yanasomeka mpaka leo. Moto wa Ngarenanyuki haukuweza kuyafikia.

Majanga hayajatuacha. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh, katika mkoa jirani wa Manyara. Aprili 2024 mafuriko yalileta maafa katika Jiji la Arusha. Katika misiba ya namna hiyo uhai wa watu ndio wa kwanza, na hakuna anayetakiwa kurudi ndani ya nyumba kutafuta albamu. Ndiyo maana nakala moja ikae mahali ambapo janga la nyumbani haliwezi kufika.

Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, aliufanya ujulikane utaratibu mwepesi wa kukariri: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa mkazi wa kawaida, nakala ya kwanza ni ile iliyo katika simu. Ya pili ni katika flashi, diski ya nje au kompyuta. Ya tatu ni katika hifadhi ya mtandaoni, au katika flashi nyingine iliyo kwa ndugu anayeishi mbali, tuseme Usa River au Dodoma. Anayeshindwa gharama za bando hajafungiwa mlango: flashi mbili, moja kwako na moja kwa dada yako, ni hifadhi halali kabisa. Lakini msiitegemee flashi moja peke yake, kwani nayo hufa ghafla. Ifungueni angalau mara mbili kwa mwaka mhakikishe picha bado zinafunguka.

Hifadhi ya mtandaoni na masharti yake

Akaunti ya Google, ambayo karibu kila simu ya Android huihitaji, hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo. Nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Ikiwa picha moja ina ukubwa wa MB 3, nafasi hiyo ikitumiwa kwa picha tu hubeba takriban picha 5,000. Kwa wenye simu za iPhone, Apple hutoa GB 5 bila malipo. Picha zikipakiwa usiku kwa Wi-Fi ya ndugu au ya ofisini, bando la simu halitaguswa.

Yapo mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, hakikisheni huduma ya kuhifadhi imewashwa. Kuwa na programu simuni si kusema kwamba inafanya kazi. Pili, ukifuta ndani ya Google Photos picha iliyokwisha kuhifadhiwa, unafuta na nakala ya mtandaoni. Hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha hutoweka. Tatu, akaunti isiyotumika kwa miaka miwili Google inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo. Nne, nywila na namba ya simu ya kurejeshea akaunti ijulikane na mtu mmoja mwaminifu katika familia. Mara ngapi baba amefariki, na picha zote za ukoo zikabaki nyuma ya mlango usio na ufunguo?

Msidhani pia kwamba kampuni kubwa haipotezi kitu. Mwaka 2019 mtandao wa MySpace, uliokuwa maarufu sana duniani, ulikiri kuwa picha, video na muziki vilivyowekwa na watumiaji wake kwa zaidi ya miaka kumi vilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Aliyekuwa na nakala nyingine hakupoteza kitu.

Vivyo hivyo, kundi la WhatsApp la ukoo si ghala. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha inapotumwa, hivyo ile iliyopokelewa haina ubora wa ile ya awali na ikichapishwa kwa ukubwa huonekana hafifu. Ukitaka ifike kamili, itume kama waraka badala ya kuituma kama picha. Picha ya zamani uliyoifuta simuni mara nyingi haipakuliki tena kutoka kundini.

Kabla ya kuirusha

Sasa niseme juu ya kusambaza. Picha iliyokwisha kutoka mkononi mwako hairudi. Hata ile ya hadhi ya WhatsApp inayotoweka baada ya saa 24, mtazamaji anaweza kupiga picha ya skrini akabaki nayo. Basi kabla ya kubonyeza, tujiulize maswali matatu: Aliyemo ameridhia? Picha inaonyesha nini zaidi ya sura? Na ikifika kwa mtu mwenye nia mbaya, itamsaidia nini?

Picha ya mtoto aliyevaa sare yenye jina la shule, amesimama getini asubuhi, imemwambia mgeni mtoto huyo anasoma wapi na anapatikana saa ngapi. Picha ya familia ikiwa safarini imewaambia watu kwamba nyumba haina mtu. Ni vyema ikapandishwa baada ya kurudi. Simu nyingi huweka ndani ya picha alama ya mahali ilipopigwa. Alama hiyo huzimwa katika mipangilio ya kamera. Na picha ya kitambulisho cha NIDA, ya cheti au ya hati ya kiwanja, hata kama inapendeza kuonyesha, isiwekwe hadharani kamwe.

Liko na suala la misiba. Imetokea mara nyingi mtoto aliye mbali akapata habari za kifo cha mzazi wake kupitia picha iliyopandishwa na jirani, kabla wazee hawajapata nafasi ya kumpigia simu. Mila zetu zina utaratibu wa kupeleka taarifa ya msiba, na simu haikuuondoa. Tuwaachie wafiwa watangulie kutangaza. Na picha za mgonjwa kitandani au za majeruhi barabarani hazina sababu ya kusambazwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Sheria hiyo inazilenga hasa taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za watu, na imeunda Tume ya kuisimamia. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuiuliza shule au kituo cha kulelea watoto: picha za mwanangu mnazitumia wapi, na nani aliwaruhusu? Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni.

Endapo mtu anakutisha kwa kutumia picha zako au za mtoto, usimlipe na usifute ujumbe wake, kwani huo ndio ushahidi. Toa taarifa polisi katika Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto, piga namba 116, ambayo haina malipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaukataza unyanyasaji wa namna hiyo. Ujumbe wa kitapeli unaokutaka utume namba za siri upelekwe TCRA kwa namba 15040.

Nawakumbusha pia kwamba simu inapopelekwa kwa fundi au kuuzwa, picha huenda nayo. Kabla ya kuuza, hamisha picha, ondoa akaunti zako, kisha irudishe simu katika hali ya kiwandani, na utoe kadi ya memori.

Albamu za wazee

Mwisho, tusizisahau picha za karatasi. Lakilaki, hapa hapa Arusha, zinatunzwa kumbukumbu za iliyokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, katika jengo lenye udhibiti wa joto na unyevu. Sisi hatuna mitambo hiyo, lakini kanuni ni ile ile: mbali na jua, mbali na unyevu wa masika, na juu ya sakafu. Picha iliyoganda kwenye kioo isibanduliwe kwa nguvu. Ipigwe picha ikiwa hapo hapo. Nyingine zitolewe, zipigwe picha mchana kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, pasipo flashi ya kamera.

Kisha keti na bibi au babu, muulize huyu ni nani, hapa ni wapi, ulikuwa mwaka gani. Andika majibu nyuma ya picha kwa penseli laini, na katika daftari. Picha isiyo na majina, baada ya kizazi kimoja huwa picha ya wageni.

Ndugu wakazi, naomba kila kaya ifanye jambo moja kabla ya Jumapili ijayo: chagueni picha kumi ambazo hamko tayari kuzipoteza, na mhakikishe kila moja ina nakala nje ya simu. Vijana waliopo hapa wawasaidie wazee, na wazee wawape vijana majina. Kumi zikikamilika, endeleeni na nyingine.