Breki Kwanza, Injini Baadaye



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya kutengeneza magari ya mashindano. Nimechagua jambo moja tu, breki za gari lenye injini nyuma, kwa sababu ndani yake mna fizikia ile ile mnayofundishwa hapa, na mna roho za watu.

Magari ya namna hii si mageni kwetu. Volkswagen yenye mgongo wa kobe ilishinda Safari Rally mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962. Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978. Yote mawili hubeba injini mkiani.

Tuchukue gari la kilo 1,000: kilo 400 juu ya magurudumu ya mbele, 600 nyuma. Kitovu cha uzito kiko sentimita 45 kutoka ardhini, na kati ya ekseli mbili ni sentimita 225. Dereva akikanyaga breki, uzito huhamia mbele. Kwenye lami kavu, nguvu ya breki ikilingana na uzito wa gari, gawanyeni 45 kwa 225. Ni moja ya tano, yaani kilo 200. Mbele sasa ni 600, nyuma 400. Kwenye vumbi, ambako mshiko ni nusu tu, zinahama kilo 100, na pande zote zinabeba 500. Lakini gari lenye injini mbele, lenye 600 mbele na 400 nyuma, kwenye lami lingebakiwa na 200 tu nyuma.

Kwa hiyo haifai kuvua breki za gari lenye injini mbele na kuzipachika kwenye hili. Za nyuma zitakuwa dhaifu mno, na za mbele zitabeba kazi isiyo yao. Diski za nyuma zataka kukaribia ukubwa wa zile za mbele. Hata hivyo pana mpaka. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza, uzito wa injini huurusha mkia kama kichwa cha nyundo, na gari hugeuka. Basi twapanga ya mbele yatangulie kujifunga, kwa kitambo kidogo tu.

Kwa kazi hiyo natumia masta silinda mbili, ya mbele na ya nyuma, zikiunganishwa kwa wenzo wa mizani kwenye pedali. Kumbukeni kwamba kanieneo ni nguvu kugawanya kwa eneo. Kwa mguu ule ule, masta ya milimita 19 hutoa kanieneo inayozidi ya milimita 22 kwa theluthi moja, ila pedali hushuka zaidi. Kwanza nachagua masta, kisha wenzo hurekebisha kilichobaki, kati ya lami na vumbi.

Sasa joto. Gari hilo likikimbia kilomita 144 kwa saa lina nishati ya jouli 800,000. Kulisimamisha mara moja kwatoa joto la kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Joto hilo huingia kwenye diski na pedi, mwishowe kwenye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakinywa unyevu wa hewa, kiwango chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni.

Mwenye gari mmoja alitaka fedha zote ziende kwenye injini, na mafuta ya breki yabaki yale ya zamani. Nilimrudishia ufunguo wake. Mtoto anayesimama kwenye kona kutazama mashindano hakuulizwa katika shauri hilo.

Vijana, hesabu nilizotoa hazingoji chuo kikuu. Zimo katika madaftari yenu. Atakayekuja gereji kwangu nitamwuliza hizo kwanza, kabla ya kumpa spana.