Subira si Kungoja: Neno la Faraja katika Ukanda wa Ziwa Viktoria



Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kwa hesabu ya serikali walikufa watu 228. Katika misiba kama hiyo, Waislamu hutakiana subira. Napenda tulichunguze neno hilo, kwani maana tunayolipa yaweza kumfariji mfiwa, au kumdhuru.

Asili yake ni neno la Kiarabu, sabr, lenye maana ya msingi ya kuzuia. Mwanazuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alilieleza kuwa ni kuizuia nafsi isikate tamaa, ulimi usilalamike, na mikono isijipige mashavu. Hayo ni matendo, tena mazito. Kiswahili, hata hivyo, kimezaa pia kitenzi kusubiri, ambacho katika matumizi ya kila siku ni kungoja tu: twasubiri basi, twasubiri mvua. Hapo ndipo penye hatari. Mjane aliyehimizwa kusubiri aweza kudhani ametakiwa anyamaze, angoje uchungu uishe wenyewe.

Mafundisho ya dini hayasemi hivyo. Katika Sura Yusuf, Nabii Yaakub aliazimia subira iliyo njema. Na katika sura hiyohiyo alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, akamshitakia Mwenyezi Mungu majonzi yake. Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alihimiza watu watafute tiba ya maradhi. Nayo eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, ni ushahidi kwamba sheria yenyewe inatambua kuwa majonzi hayaishi makaburini siku ya maziko.

Mkazi wa Ukara hawezi kuliepuka ziwa. Ndilo njia yake ya kufika Mwanza. Anayepanda tena kivuko huku moyo ukimdunda ana subira. Anayekosa usingizi kwa miezi, akaenda Hospitali ya Bugando kueleza yanayomsibu, naye ana subira, kwa maana ameizuia nafsi yake isikate tamaa.

Basi tumwambiapo mfiwa afanye subira, tumwambie pia kwamba ruhusa ya kulia anayo, na ya kutibiwa anayo.